Ziwa Natron: Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo twalisikia sana madukani na katika vyama vya ushirika, ambako mtu asiyeandika aliyoingiza na aliyotoa hugundua siku moja kwamba kasha ni tupu, wala hajui fedha zilikwenda wapi. Leo twataka kulisema neno hilo hilo juu ya mali nyingine, ambayo si ya mtu mmoja wala ya chama kimoja, bali ni ya taifa zima la Tanzania. Nayo ni Ziwa Natron, lililoko kaskazini ya Mkoa wa Arusha, kwenye mpaka wetu na Kenya.

Mali hii imekwisha kutajiwa bei. Kati ya mwaka 2006 na mwaka 2008 ulikuwapo mpango wa Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na kampuni ya Tata Chemicals ya India, wa kujenga kiwanda cha kutoa tani 500,000 za magadi soda kila mwaka katika ziwa hilo. Mabishano yakawa makali, ndani ya nchi na nje, na mwaka 2008 kampuni hiyo ikajitoa. Walakini wazo lenyewe halikufa siku ile. Baadaye lilisikika tena, na yeyote atazamaye ramani ya madini yetu aweza kuliamsha kesho. Katika mabishano hayo watu waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema, "Waacheni ndege." Kundi la pili lilisema, "Tupeni kazi." Sisi twaona kwamba wengi katika makundi yote mawili walianza kugombania bei kabla ya kufungua daftari. Basi na tulifungue.

JINSI ZIWA LILIVYOFANYIKA

Ziwa Natron lina urefu wa kilometa 57 hivi na upana wa kilometa 22 hivi, lakini kina chake hakifiki meta 3. Ni kama sinia kubwa lililowekwa juu ya sakafu ya Bonde la Ufa, kimo cha meta 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi umesimama ukuta wa ufa. Kusini uko mlima Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Kusini-mashariki uko mlima Gelai. Na kaskazini, karibu na mpaka, uko mlima Shompole.

Bonde hilo halikuchimbwa na mto. Ardhi ya Afrika ya Mashariki imekuwa ikivutwa pande mbili kwa mamilioni ya miaka, nayo ilipopasuka, sehemu moja ilishuka na nyingine ikabaki juu kama ukuta. Hapa Natron kupasuka kukubwa kulitokea yapata miaka milioni moja na laki mbili iliyopita. Wala mtu asidhani kwamba kazi hiyo imekwisha. Mwezi wa Julai mwaka 2007 nchi ya Gelai ilitetemeka siku nyingi kwa sababu ya mawe yaliyoyeyuka yaliyokuwa yakipenya chini ya ardhi, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kurusha majivu angani.

Mlima huo hauna mwenziwe duniani. Volkano nyingine aghalabu hutapika mawe yaliyoyeyuka yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Lengai hutapika lava ya magadi, ambayo joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Hutiririka kama maji ya matope, huwa nyeusi itokapo, kisha hugeuka nyeupe ikutanapo na unyevu wa hewa. Wanajiolojia waliithibitisha habari hiyo mwaka 1960, na hata leo hakuna volkano nyingine iliyo hai inayojulikana kufanya vivyo hivyo.

Sasa na tufuate njia ya magadi hayo. Mvua inyeshapo juu ya milima ya volkano huyeyusha magadi yaliyomo katika majivu na mawe, ikayashusha bondeni. Chemchemi za moto zilizo kandokando ya ziwa huongeza sehemu yake. Maji yote hayo huingia ziwani, wala hakuna mto hata mmoja utokao. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao uko juu, angani. Jua la mahali hapo, ambalo mara nyingi hupasha hewa kupita nyuzi 40 za Sentigredi, huyachukua maji na kuyaacha magadi, kama vile sufuria ya maji ya chumvi iliyosahauliwa motoni inavyobaki na ukoko mweupe. Ukoko huo ndio magadi ambayo mama zetu huyatia katika maharage ili yaive upesi, na ndiyo hayo hayo ambayo viwanda huyatumia kufanya vioo na sabuni.

Wakati wa kiangazi ukoko huo huenea juu ya ziwa na kupasuka-pasuka kama tope la shamba lililokauka, na viumbe vidogo mno vipendavyo chumvi huupaka rangi nyekundu. Maji yenyewe huweza kuwa na ukali upitao 10 katika kipimo cha pH, ilhali maji safi ya kunywa huwa karibu na 7. Mwaka 2013 picha za mpiga picha Nick Brandt zilienea duniani zikionyesha ndege waliokauka kama sanamu, na magazeti mengine yakaandika kwamba ziwa letu hugeuza kila kilicho hai kuwa jiwe. Habari hiyo si kweli. Ndege wale walikuwa wamekwisha kufa, magadi yakawahifadhi wasioze, na mpiga picha aliwaokota na kuwasimamisha kana kwamba wangali hai. Wamisri wa kale walitumia magadi ya namna hii kuhifadhi maiti zao, na jina la Natron latokana na madini hayo. Ziwa hili si kaburi. Ni mahali pa kuzaliwa, kama tutakavyoona.

KUMBUKUMBU ILIYO PWANI YA ZIWA

Ziwa tulionalo leo ni mabaki ya ziwa kubwa zaidi. Juu ya miteremko, kiasi cha meta 50 kupita usawa wa maji ya sasa, yako mawe yaliyojengwa tabaka juu ya tabaka na viumbe vidogo vya majini, nayo ndiyo alama ya pwani ya zamani. Yapata miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, wakati mvua zilipokuwa nyingi, Natron na Ziwa Magadi la Kenya yalikuwa ziwa moja. Mvua zilipopungua, ziwa likagawanyika. Twalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo: ziwa lisilo na mto utokao hufuata hesabu ya maji yaingiayo bila huruma. Likipewa mengi hupanda, likinyimwa hushuka. Halina akiba ya kujitetea.

Ushahidi wa binadamu pia uko hapo. Mwezi wa Januari mwaka 1964, katika bonde la mto Peninj magharibi ya ziwa, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua taya la chini la kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kusini ya ziwa, katika kijiji cha Engaresero, zimeonekana nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa maji, nazo zina umri wa maelfu ya miaka. Kabla haujakuwapo mpaka wa Kenya na Tanganyika, kabla haijakuwapo kampuni wala serikali, watu walipita pwani hiyo kwa miguu yao. Hatuwezi kusema kwamba mahali hapo hapana mwenyewe.

KIWANDA KISICHO NA MOSHI

Sasa twafika kwenye ukurasa wa daftari ambao wengi huuruka. Katika maji hayo makali humea viumbe vidogo vya kijani visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa spirulina. Navyo ni chakula cha heroe mdogo, ndege yule wa rangi ya waridi ambaye wengi humwita flamingo. Humkuta ameinamisha kichwa juu-chini, akiyachuja maji kwa mdomo wake kama mtu achujaye tui. Rangi yake nzuri hutoka katika chakula hicho hicho.

Heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki hukadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, nao ni kama robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia. Twawaona Nakuru, Bogoria, Manyara na Momella, wala hawana uraia wa nchi moja. Lakini kwa habari ya kuzaa, mahali pao pa kutegemewa katika Afrika ya Mashariki nzima ni pamoja tu, yaani Natron. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown aliyaona makoloni yao ya uzazi hapo, na alipojaribu kuyafikia kwa miguu, magadi yakamwunguza hata akalazwa hospitali. Kilichomwunguza yeye ndicho kinachowalinda ndege. Fisi na mbweha hawawezi kulivuka tope lile.

Katikati ya tope hilo kila jozi hujenga kichuguu kidogo na kutaga yai moja tu. Yai hilo hulaliwa yapata siku 28. Kinda likiisha kupata nguvu, hutembea pamoja na maelfu ya wenziwe kuelekea kwenye maji yenye nafuu. Haya yote yahitaji kipimo cha maji kilicho sawasawa. Maji yakizidi, vichuguu huzama. Yakipungua sana, tope hukauka, na fisi hupata barabara. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakaenda kuzaa katika Ziwa Magadi. Huko makinda yalivishwa pingu za magadi yaliyoganda miguuni, yakafa kwa wingi, na watu wenye huruma wakashinda juani wakivunja pingu hizo ili kuokoa maelfu yaliyosalia. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya kumtafutia heroe kitanda kingine cha uzazi.

Heroe si peke yake. Katika chemchemi za pembezoni huishi samaki wadogo wa jamii ya perege, ambao wamezoea joto na ukali ambao ungemuua samaki mwingine kwa muda mfupi. Kwa asili aina zao hazipatikani popote duniani isipokuwa katika bonde hili la Natron na Magadi. Walibaki humo ziwa lile kubwa lilipokauka, wakajifunza kuishi, au tuseme wale walioweza kuishi ndio waliobaki. Mwaka 2001 Tanzania yenyewe iliandikisha eneo la hekta 224,781 la Natron chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi chepechepe. Sahihi hiyo haikutiwa na mgeni. Ni sahihi yetu.

JIBU KWA MFANYAKAZI

Twajua kwamba mfanyakazi asomaye haya aweza kuuliza, "Ndege hanilipi mshahara, mtoto wangu atakula rangi ya waridi?" Swali hilo ni la haki, na haifai kulijibu kwa hadithi za uzuri wa machweo. Taifa linalohitaji vioo, sabuni na fedha za kigeni haliwezi kudharau magadi. Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiyachimba katika Ziwa Magadi tangu kampuni ya magadi ilipoanzishwa huko mwaka 1911, na reli ilijengwa kwa ajili hiyo. Hatusemi kwamba magadi ni haramu. Twasema kwamba kila kazi ina mahali pake.

Tofauti ni hii. Magadi ya kuchimba yanapatikana mahali zaidi ya pamoja. Katika bonde la Engaruka, kusini ya Natron, imegunduliwa akiba kubwa ya magadi, na Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likiandaa mradi huko. Engaruka nako yapasa kufunguliwe daftari lake, kwa kuwa pana wananchi na mifugo yao, na pana mabaki ya mifereji na matuta ya wakulima wa kale ambayo ni fahari yetu. Lakini walau Engaruka si kitanda cha uzazi cha robo tatu ya ndege wa aina moja duniani. Mwenye nyumba mbili hachomi ile ambamo mtoto amelala.

Kiwanda juu ya Natron kingehitaji mabomba ya kuvuta maji ya chumvi, maji baridi kwa matumizi yake, barabara, taa, magari na makazi ya watu, mahali ambapo ulinzi wa ndege ni upweke na kipimo cha maji. Heroe akisumbuliwa huliacha yai lake na kwenda zake. Na hapa, ndugu wasomaji, ndipo ile methali ya daftari inapotufikia barabara. Heroe ni ndege wa maisha marefu. Huishi makumi ya miaka. Kwa hiyo siku Natron itakapoacha kuzaa, hakuna mtu atakayeona tofauti. Mwaka wa kwanza ndege watajaa Nakuru na Manyara kama kawaida. Mwaka wa tano watalii watapiga picha zao. Mkurugenzi wa kiwanda atasimama na kusema, "Mwaona? Ndege wapo." Naye atakuwa anasema kweli, ila atakuwa akionyesha wazee wasio na watoto. Itakapodhihirika kwamba kundi linakonda, itakuwa imekwisha kupita miaka mingi, na waliotia sahihi watakuwa wamestaafu. Hivyo ndivyo mali inavyokwisha bila habari.

Yafaa pia tuwakumbuke wafanyakazi ambao hawaandikwi katika hesabu za viwanda: mwongozaji wa wageni wa Engaresero, mpishi wa kambi ya mahema, mama wa Kimasai auzaye shanga, mchungaji aokotaye magadi kwa ajili ya mifugo yake. Hao wanalila ziwa bila kulimaliza. Kazi yao ni ndogo, lakini ni kazi, na ajira mpya isihesabiwe bila kutoa ile itakayokufa.

BOMBA LIKO KWA JIRANI

Hata hivyo, tungefanya kosa kudhani kwamba kukataa kiwanda kwatosha. Mto mkubwa uingiao Natron ni Ewaso Ng'iro wa Kusini, nao chanzo chake ni vilima vya Mau nchini Kenya. Misitu ya Mau imekatwa sehemu kubwa katika miongo iliyopita, na katika Kenya imekuwapo mipango ya kujenga mabwawa ya umeme juu ya mto huo, yenye kutoa megawati 180. Msitu ukiondoka, mto huleta mafuriko na udongo wakati wa masika, na ukame wakati wa kiangazi. Bwawa likijengwa bila hesabu, kipimo cha maji kitaamuliwa na mshika funguo wa mtambo, wala si na majira. Kwa ufupi, ziwa ni letu, lakini bomba liko kwa jirani.

Juu ya hayo iko hali ya hewa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, uliotumia picha za satelaiti katika maziwa 22 ya magadi ya Afrika ya Mashariki, ulionyesha kwamba maji yakizidi katika maziwa haya hupunguza ukali wake, na chakula cha heroe hupungua. Nakuru ni mojawapo ya maziwa yaliyoathirika. Ndege anayekosa chakula Nakuru atazidi kutegemea maziwa yaliyosalia. Basi thamani ya Natron yazidi kupanda, haishuki.

Mambo ya namna hii yamekwisha kutokea kwa wengine, na mwenye busara hujifunza kwa msiba wa mwenziwe. Katika Marekani lilikuwapo Ziwa Owens, ziwa la magadi kama hili letu. Mwaka 1913 mji wa Los Angeles ulianza kuuchukua mto wake kwa mfereji. Ilipofika mwaka 1926 ziwa lilikuwa limekauka, na vumbi la magadi likawa ugonjwa kwa wakazi wa bonde. Mji huo, ambao ulifurahia maji ya bei nafuu, umelazimika kutumia zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya kuzuia vumbi tu. Katika Umoja wa Kisovyeti ilikuwapo Bahari ya Aral, ambayo mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito yake, Amu Darya na Syr Darya, iligeuzwa kumwagilia pamba. Ilipofika mwaka 2007 limebaki kama sehemu moja ya kumi, na merikebu za wavuvi zimelala mchangani. Nchi ya kwanza ni ya mabepari na ya pili ilikuwa ya wakomunisti. Maji hayakuuliza siasa ya mtu. Yaliuliza hesabu.

Lakini huko Aral kuna na neno la kutia moyo. Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza kujenga boma la Kokaral upande wa kaskazini, maji ya Syr Darya yakazuiwa yasipotee, na samaki wakarudi katika sehemu ile ndogo. Jambo lililoharibiwa kwa mipango laweza kutengenezwa kiasi kwa mipango. Ila gharama ya kutengeneza ni kubwa kuliko ya kutunza, na sehemu kubwa ya Aral haikurudi.

LIPASALO KUFANYWA

Kwanza, yapasa neno la Natron limalizwe. Haifai ziwa liwe kama shamba la mirathi ambalo kila mwaka hutokea mpwa mmoja kudai kipande. Viongozi na watumishi wa Serikali waandike kwa sheria kwamba magadi ya taifa yatatafutwa kwingine, wala si katika eneo la uzazi wa heroe, ili mwenye mtaji ajue mapema, na mwananchi alale usingizi.

Pili, mradi wowote wa magadi, Engaruka au kwingineko, uletwe mbele ya wananchi na daftari lililo wazi: maji kiasi gani yatatumika, yatatoka wapi, nani atahamishwa na atalipwa nini, kazi ngapi ni za kudumu na ngapi ni za kujenga tu, na faida itagawanywaje kati ya kampuni, taifa na kijiji. Wanachama wanaoketi katika mikutano ya matawi na wafanyakazi wanaoketi katika vyama vyao wana haki ya kuuliza maswali hayo, na anayeyauliza asiitwe adui wa maendeleo. Mtu anayehesabu si adui. Adui ni yule anayetaka hesabu isisomwe.

Tatu, tuketi na Kenya. Mwaka 2015 nchi zetu mbili zilitia sahihi mapatano juu ya Mto Mara, kwa hiyo njia yajulikana. Ewaso Ng'iro wa Kusini wastahili vivyo hivyo. Wala hatwendi mezani mikono mitupu. Bogoria, Nakuru na Elementeita yaliandikwa mwaka 2011 katika Urithi wa Dunia, na heroe ndio waliochangia sana sifa hiyo. Lakini heroe wanaojaza maziwa hayo wamezaliwa Tanzania. Kenya ikifunga mto, yaharibu kitanda walichozaliwa ndege wake yenyewe. Nasi tukiharibu kitanda, twamwibia jirani. Mmoja ameshika bomba na mwingine ameshika kitanda. Hakuna mapatano yaliyo rahisi kuliko yale ambayo kila upande una kitu ambacho mwenziwe anakihitaji.

Nne, wananchi wanaoizunguka Natron wapate sehemu ya haki ya mapato ya wageni wafikao huko, na vijana wao wafunzwe kupima maji, kuhesabu ndege na kutunza kumbukumbu. Daftari la ziwa lisishikwe na wageni peke yao. Mtoto wa Engaresero, ambaye nyayo za wa kale ziko mlangoni pake, ndiye apasaye kuwa karani wa kwanza wa hesabu hii.

Volkano, jua na mito imeshughulika na Natron kwa muda upitao hesabu ya vizazi vyetu vyote, na sahihi moja yaweza kuivuruga kazi hiyo kwa mwaka mmoja. Hatuombi taifa liishi kwa kutazama ndege. Twaomba lisiuze kitu ambacho halijakihesabu. Siku itakapoletwa tena karatasi ya kutia sahihi, kila mmoja wetu aliye na sauti, katika tawi, kiwandani au bungeni, na aulize kwanza neno moja: daftari liko wapi?